Milioni Moja na Tatu

Mwezi uliopita nilirudi Kosele kumzika baba mdogo. Waombolezaji walipokezana kipaza sauti, kila mmoja akisema jinsi marehemu alivyopenda elimu. Mimi nilikuwa nikitazama mahali lilipokuwa jiko la nyanya.

Unakumbuka Desemba za miaka ya tisini? Kwetu zilikuwa za njugu. Tulizimenya mlangoni mpaka vidole vikawaka moto, huku nyingine zikikaangwa ndani. Nyanya hakuturuhusu kuhesabu kuku, ng'ombe wala watoto. Alisema ukihesabu chenye uhai, kinapungua.

Mwaka niliomaliza darasa la nane, nyanya alimwomba baba mdogo anichukue kwake Migori, nisome sekondari. Akacheka. Akaokota kaa, akaandika kwenye ukuta wa jiko: 1000003.

"Nitafutie nambari mbili ambazo ukizizidisha zinaleta hii. Moja haikubaliki. Nikirudi uwe nazo, twende Migori. Ukikosa, ubaki umenye njugu."

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kugawanya kwa nambari tasa pekee, na kukoma pale ambapo nambari ikizidishwa kwa yenyewe inapita ile kubwa. Kwangu mwisho ulikuwa kabla ya elfu moja. Nyanya alinisamehe kazi ya njugu, akasogeza vyungu nipate ukuta.

"Hiyo hesabu tu," aliniambia. "Haina uhai wa kupungua."

Saba ilibakisha nne. Kumi na moja, nne. Kumi na tatu, nne tena, kana kwamba nambari ile inanicheka. Ukuta ulipojaa, nyanya aliusiriba kwa udongo na samadi, nami nikangoja ukauke. Ya mwisho ilikuwa mia tisa tisini na saba. Ilibakisha kumi na mbili. Nilirudia, ikawa vilevile. Sikuhuzunika, nilifurahi, kwa kuwa sasa nilijua.

Baba mdogo akarudi. "Haya, ziko wapi?"

"Hazipo, baba. Nimezijaribu zote."

"Nimekuagiza nambari mbili, unaniletea maneno."

"Kama hazipo atazitoa wapi?" nyanya akauliza. "Azizae?"

"Mama, hii ni hesabu, si njugu."

"Hata njugu, ganda tupu ni tupu."

Baba mdogo alicheka, akala njugu zetu, akaenda zake bila mimi.

Mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu. Katika kimojawapo nilikuta kwamba milioni moja na tatu ndiyo nambari tasa ya kwanza baada ya milioni. Mtu haiandiki ukutani kwa bahati. Aliuliza swali akijua jibu lake, nikampa jibu hilohilo, akalikataa.

Nyanya alipofariki, jiko liliachwa likaanguka. Ukuta uliobeba kazi yangu umerudi kuwa udongo, na juu yake wamepanda njugu. Hakuna tena anayetukataza kuhesabu.

Kipaza sauti kiliponifikia, niliombwa nitaje jambo moja jema alilonitendea marehemu. Nilitafuta kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, bila kuruka. Kisha nikampa kipaza sauti aliyekaa kando yangu.