Siku Nilipomwambia Mama Mdogo Hakuna Moto

Kazi yangu ni kuchora mipaka ya moshi. Nimekodi chumba mjini Same, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaweka kitanda, meza, kompyuta na feni, na kila asubuhi nafungua picha za setilaiti za Afrika nzima. Wakati wa kiangazi mashamba na misitu huwaka Angola, Zambia, Kongo, na moshi wake husafiri siku kadhaa kabla haujatawanyika. Nauzungushia mstari, naandika ulikotoka na unakoelekea, namtumia msimamizi wangu aliyeko Dar es Salaam. Penye joto kali pana nukta nyekundu. Mwanzoni nukta zile zilinisumbua, nilikuwa nikijiuliza nani anaishi pale. Mwaka wa pili nikaacha kujiuliza.

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Yeye na baba mdogo walikuwa na nyumba Myamba, juu milimani, pembeni kabisa mwa msitu, wakilima tangawizi na maharage. Asubuhi moja ya Septemba alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu angalia kwenye hiyo mashine yako. Tangu jana jioni tunasikia harufu ya moshi na hatuoni unatokea wapi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni."

Niliivuta picha karibu. Pare Kusini yote ilikuwa chini ya wingu jeupe, na hapakuwa na nukta hata moja. Nikatazama magharibi. Moshi wa Zambia ulikuwa umevuka Ziwa Tanganyika na unazidi kuja upande wetu.

"Hakuna moto huko, mama. Huo ni moshi wa mbali, unatoka Zambia."

"Zambia?"

"Ndiyo. Upepo unauleta."

"Baba yako mdogo anasema ni wa hapa hapa. Anasema unanuka majani mabichi."

"Mwambie asihangaike. Moto ungekuwepo ningeuona."

Wakati nasema hivyo nilijua kwamba picha zile hazioni kilicho chini ya wingu. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini. Lakini nilikuwa na ramani ya kumaliza kabla ya adhuhuri, na nilitaka simu iishe.

Baba mdogo alikuwa ameshashika panga ili akafyeke nyasi kati ya nyumba na msitu, moto ukija ukose pa kupita. Alipoambiwa jibu langu akalirudisha panga ndani, wakaenda kuchimba tangawizi upande wa pili wa bonde. Ukungu ulipoinuka mchana, moto ulikuwa umeshafika ukingoni mwa msitu. Kengele ya kanisa iligongwa, watu wakaja na ndoo na matawi mabichi, lakini nyumba haikuokolewa. Baba mdogo aliingia bandani kumfungua ng'ombe. Alitoka naye, ila alikuwa amevuta moshi mwingi, akaanguka uani.

Jirani yao ndiye aliyenipigia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikakata simu. Kisha nikafungua picha ya mchana. Juu ya Myamba palikuwa na nukta nne, na uzi mwembamba wa moshi ulitoka hapo ukielekea kaskazini-mashariki, juu ya tambarare, hadi karibu na mpaka wa Kenya. Nikauchora kama ninavyochora mingine yote. Kwenye ripoti niliandika: moto mdogo, Pare Kusini. Msimamizi akajibu, "Asante, kazi nzuri." Nilikaa pale nikingoja kulia. Sikulia. Nikaenda kununua mkate.

Kesho yake nilipanda basi hadi Ndungu, na kutoka pale nikachukua bodaboda kupanda mlima. Walikuwa wamehifadhiwa kwa yule jirani. Baba mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, akinitazama bila kusema, kwa sababu sauti haikuwepo. Mama mdogo aliuliza kama nimekula.

"Mama, mimi ndiye niliyesema hakuna moto."

"Ulisema," akajibu, akinimiminia uji. "Ulisema, nasi tukakuamini. Kunywa, usije ukapoa."

Nilikunywa. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, nikaona uchovu tu. Nadhani angenifokea ningejua la kufanya.

Tulimteremsha baba mdogo hospitali ya Same, akalazwa wiki mbili, kisha wakakaa kwangu. Asubuhi mama mdogo alikuwa akifagia huku mimi nikichora. Siku moja akasimama nyuma yangu, akaomba nimwonyeshe nyumbani kwao. Nikamwonyesha doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Ni hapo tu?"

"Ni hapo tu, mama."

Alilitazama kwa muda, akaendelea kufagia.

Mvua za vuli zilipokaribia, baba mdogo alitaka kurudi. Wanakijiji walikuwa wameshawasimamishia vyumba viwili vya matofali, mbali kidogo na msitu, nami nilipeleka mabati. Nilikaa nao siku tatu tukipanda tangawizi. Hakuna aliyeitaja ile simu. Nilitamani mtu aitaje, lakini sikuwa na nguvu ya kuanza mimi.

Sasa mtu wa milimani akinipigia kuniuliza kuhusu moshi, namwambia sijui, atoke nje akatazame mwenyewe. Msimamizi anasema ripoti zangu zimekuwa nzuri kuliko zamani.

Jumapili huwa napiga simu Myamba. Sauti ya baba mdogo haikurudi vizuri, simuni haisikiki, kwa hiyo mama mdogo huongea kwa niaba yake. Namsikia baba mdogo akikohoa nyuma yake. Nauliza habari za shamba, mama mdogo ananieleza moja baada ya nyingine, nami naitikia, sawa mama, sawa.