Laini Tatu za Mkunga

Mkunga wetu wa hapa Momostenango hanunui bando kama watu wengine. Kila Jumapili ya soko hufika dukani kwangu, hufungua fundo la shali yake na kupanga laini tatu juu ya kaunta kwa vidole vyenye kucha fupi, vinavyonukia sabuni. Bei haulizi. "Kule Chuipec, nyuma ya mlima, inashika ipi?" Nikimjibu, hununua bando la wiki la mtandao huo, kwa sababu anakwenda kulala huko mpaka mama ajifungue, na mambo yakiharibika aweze kuita gari. Ndiyo maana mimi hujua nani amekaribia kujifungua kabla hata ya padri.

Jumapili hii aliuliza, "Na hapa dukani inashika ipi?"

"Zote, bibi. Ila mtaa huu hauna mjamzito, labda yule mbuzi wa jirani yangu Anselmo!"

Hakucheka. Alitazama aproni yangu, ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeilegeza kamba bila kumwambia mtu, hata mume wangu.

"Bando la miezi saba lipo, mwanangu?"