Hairuhusiwi Kunakili

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima Katumba, wakati wakimbizi kutoka Burundi walikuwa bado wanang'oa visiki kwenye mashamba waliyogawiwa. Nilikuwa na wanafunzi ishirini na kitabu kimoja cha kilimo cha tumbaku. Kimoja! Mashine ya kudurufu ilikuwa Mpanda mjini, na kila nilipoifuata kwa baiskeli niliambiwa stensili zimekwisha. Nikachoka. Nikaanza kukiandika kitabu chote ubaoni, ukurasa kwa ukurasa, nao wakinakili kwenye madaftari, wametoka shamba, macho yamewalegea kama yangu.

Kosa nililifanya siku ya kwanza. Nilianza na ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma, nikaandika kila kilichokuwepo: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili kitabu hiki." Akili ilikuwa imelala, mkono ndio uliokuwa unafundisha. Nao wakanakili, kwa mwandiko wa taabu, kwamba hairuhusiwi kunakili.

Mama mmoja mjane, mkali wa maswali kuliko wote, aliipigia mstari ile sentensi ya kwanza.

"Mwalimu, hii haki zote ni ya sisi wakimbizi?"

Nilipaswa kumwambia ni za mwenye kitabu. Nikasema, "Andika tu, mama."

Alikuwa na haraka ya kufaulu mtihani wa kisomo. Barua za dada yake alikuwa akisomewa na jirani, na jirani akishasoma kijiji kizima kinajua. Aliapa kwamba mwaka ule lazima aibu hiyo iishe.

Wiki mbili kabla ya mtihani akaja mkaguzi. Akafungua daftari la benchi la mbele, akacheka, kisha akakunja uso.

"Mwalimu, nyie mnaiba, halafu mnaandika kabisa kwamba mnaiba?"

Akaagiza madaftari yote yaende Mpanda mpaka apate maelekezo. Chuoni niliwahi kufundishwa kwamba sheria ya hakimiliki inamwachia mtu nafasi ya kunakili kwa ajili ya kujisomea na kufundishia. Ningeweza kulisema hilo. Lakini nilijua kubishana na mkaguzi kunaishia wapi, kwenye barua na safari na kusubiri nje ya ofisi, na sikuwa na nguvu hizo. Nikapita benchi kwa benchi, nikayakusanya mwenyewe. Yule mama alilishikilia lake kidogo, kisha akaliachia.

Maelekezo yalikuja mtihani umeshapita. Mistari mitatu: kunakili kwa ajili ya masomo si kosa, madaftari yarudishwe. Hata samahani hakuna. Yule mama alikuwa ameshindwa mtihani kwa alama chache.

Nikampelekea daftari lake shambani. Nikamweleza, kwa uchangamfu wa kujilazimisha, kwamba sheria ilikuwa upande wetu tangu mwanzo.

"Wewe ulikuwa unajua?" akauliza.

Nilitamani kudanganya. "Nilikuwa najua."

Akaegemea jembe, akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Yule bwana hakujua, mimi namsamehe," akasema. "Wewe ulijua, na ni mkono yako ilichukua."

Akainama, akaendelea kupalilia. Darasani hakurudi tena.