Kichaka Nilichokihamisha

Nilipokuwa mtoto kule vilima vya Kipatimu, nililelewa na bibi mzaa baba. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Lindi, na mama alikwisha pewa talaka akarudi kwao Njinjo. Nilimtamani mama mno. Aliacha kanga moja, nikawa nainusa kila siku hata ikaisha harufu.

Njia ya kwenda kwao ilipita penye mawe ya chokaa. Kwenye nyufa zake kiliota kichaka kifupi, hakinifiki kiunoni, chenye maua madogo meupe. Shambani hakikuota, wala bondeni. Ni pale penye mawe tu. Jina alilokiita bibi kwa Kimatumbi limenitoka, na hilo linaniuma.

"Usikiguse, mke mwenzangu," aliniambia. "Kinakaa kilipojiotea. Ukikihamisha, na mtu wa kwenu atahama."

Alidhani amenitisha, kumbe amenipa dawa. Nilijiambia, nikikihamisha, mama atahama Njinjo aje kwetu. Kesho yake nilibeba jembe, nikakichimbua, nikakipanda nyuma ya jiko.

Bibi alikiona. Nikangoja fimbo. Badala yake akaniuliza, "Unamtaka mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akachota maji mtungini, akakimwagilia.

Kabla ya mvua za vuli homa ikamlaza bibi. Alipozidiwa alimtuma jirani Njinjo, lakini mama alifika bibi amekwisha zikwa. Nilimrukia nikicheka, mbele ya watu wa matanga. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Siku tatu nilikula mkononi mwake. Siku ya nne akafunga furushi lake.

"Mama, hukai?"

"Sina nyumba hapa, mwanangu. Bibi yako ndiye aliyeniita. Alisema, 'Mimi nahama, njoo umwone mtoto.'"

Wanangu huniambia homa ni mbu tu, na siwabishii. Mama nilikuja kumwona tena, mara nyingi, hata nikamzoea. Bibi ndiye ninayemtamani sasa, nami nimeshampita umri. Ningempata hata kwa dakika moja, ningemwambia kwamba sikukusudia ahame yeye.