Folda ya Naliaka

Mke mwenza aliye hai ana nafuu: mtagombana, mtanuniana, mambo yaishe. Ivyne alimwonea wivu mtu aliyezikwa. Huyo utamfanya nini?

Zedekiah alimwoa baada ya mkewe wa kwanza, Naliaka, kufariki. Pale mtaani Jamhuri majirani wakamwita Ivyne Mama Debra, na Debra mwenyewe kazaliwa na Naliaka. Jamani, hata jina la kuitwa ni la mwenzake! Basi kila mume akienda kazini, Ivyne alifungua kompyuta, akaingia folda ya Naliaka na kukagua picha moja moja: meno yale, kiuno kile, mkono wa Zedekiah begani. Akishaumia vya kutosha, anafunga, anaenda kupika.

Kompyuta ikaanza kugoma. Zedekiah akamtuma aipeleke mjini kwa Muigai, fundi wao.

"Hii inataka Windows mpya, madam," Muigai akasema. "Nikiweka, kila kitu inafutika. Nitoe gani kwanza niweke kwa flash?"

"Faili za kazi ya mzee. Na picha za harusi yetu."

"Na hii folda ya Naliaka? Iko na picha mingi."

Ivyne akatazama mlangoni. "Hiyo achana nayo."

"Una uhakika? Hairudi hiyo."

"Si nimesema?"

Lo, mwanamke huyu! Alirudi nyumbani mwepesi, akapika huku akiimba.

Zedekiah alipoitafuta folda asiione, hakufoka. Aliuliza mara moja tu, na Ivyne akasema fundi alisahau. Jioni, wakila, akamgeukia Debra. "Mama yako tusipomzungumzia, utamsahau," akasema, akaanza kusimulia. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Zamani alizifungua zile picha siku ya kumbukumbu ya marehemu tu. Sasa Naliaka alikaribishwa mezani kila jioni, ugali wa Ivyne ukipoa. Ivyne alitafuna wivu wake, akameza.

Siku moja Zedekiah akakwama. "Ulipobatizwa, mama yako alivaa gauni la... njano? Au bluu?" Akajishika kichwa, machozi yakimlengalenga. "Mungu wangu, nimesahau."

Debra akamtazama babake, akaanza kulia.

Ivyne alijua. Hakuna aliyezijua picha zile kumshinda.

"La kijani," akasema. "Lenye vifungo vyeupe."

Debra akasogeza kiti chake karibu naye. "Na viatu je?"