Klachi Iliyoishia Bukoli

Mama alikuwa na ombi moja tu: amwone Mabula wakati bado anaona. Jicho lake la kulia lilishakufa zamani, na la kushoto lilikuwa likimwonyesha watu kama wako nyuma ya pazia. Daktari alishatueleza kwamba hilo nalo halina muda mrefu.

Mabula ni kaka yangu, mimi ndiye ninayemfuata. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliondoka kijijini kwetu, njia ya kwenda Mwadui, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Aliahidi kurudi kumjengea Mama nyumba ya bati. Tangu hapo kila nikimpigia simu jibu lilikuwa lile lile: duara likitema atakuja. Duara ndilo shimo wanalochimba, na la kwake lilikuwa halijatema kitu. Safari hii nilimweleza habari ya jicho. Akasema, "Njoo na gari, nitapanda." Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, maana namjua.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niliiwasha pikapu yangu, nikatoka Shinyanga mjini. Gari hilo ni kuukuu, lakini nalipenda, na aliyenifundisha kuliendesha ni Mabula mwenyewe, enzi zile akiwa dereva wa tipa. Somo lake kubwa lilikuwa moja: mguu wa kushoto usitoke kwenye klachi, kwa sababu ng'ombe hawapigi honi. Usukumani maneno hayo yana uzito. Kundi linaweza kukatiza barabara wakati wowote, na dereva anatakiwa awe tayari. Nimeendesha hivyo miaka ishirini huku nikijiona dereva hodari.

Kahama nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikalilaumu lori lililokuwa mbele yangu, nikalipita kwa hasira. Baada ya Kakola nikaona pedali ya klachi inashika juu kabisa, nikajiambia ni uchovu wa mguu. Mwanafunzi akinipa visingizio vya namna hiyo huwa namsimamisha nje ya darasa.

Bukoli ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye mwinuko nilikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, lakini gari likaenda mwendo wa kinyonga. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa alinipita.

"Mwangaluka, mama," alinisalimu kwa Kisukuma, bila haraka.

"Mwangaluka," nikamjibu kupitia dirishani. Nilitamani kulia. Sikuogopa kulala njiani. Niliogopa kwamba Mabula angepata sababu ya kubaki.

Saa nane mchana niliingia Geita mjini kwa gia namba moja, nikaelekezwa kwenye gereji moja Kalangalala, kwa Fundi Hamisi, mtu wa Kigoma mwenye maneno machache. Alizungusha gari mara moja tu uani, akazima.

"Klachi imekwisha, mama. Lazima giaboksi ishuke. Na mwenzangu yuko msibani, kwa hiyo mpaka kesho."

Nilimpigia Mabula. Alikuja kwa miguu, amekonda, nywele zimeingia mvi ambazo sikuziacha. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia marahaba huku akitazama gari, si mimi. Nami nikatazama mikono yake. Hakuwa na begi.

"Naona hata gari lenyewe limekataa, Minza," alisema. "Labda tungoje kidogo. Kuna mwamba tumeufikia, unatia matumaini."

"Mama hakuulizia mwamba."

"Bebe, niende kaya mikono mitupu? Miaka yote hiyo?" Bebe ni wewe, na kaya ni nyumbani. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, na moyo wangu uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimekuja nimejiandaa kugombana naye.

Nikamgeukia fundi, nikamwambia kwamba kaka yangu aliendesha matipa na anajua kushika giaboksi. Fundi alimpima kwa macho, akamtupia ovaroli. Mabula alisitasita, kisha akavua shati. Tangu utotoni huwa hawezi kuacha kazi ikimwangalia.

Alasiri ile walifungua walichoweza. Wakati wa kuondoka Fundi Hamisi alimwambia, kama anayezungumza na mtu aliyemwajiri zamani, "Kesho saa mbili usichelewe." Nililala gesti ya jirani nikiomba asichelewe.

Saa mbili kasoro asubuhi nilimkuta ameshafika, yuko chini ya gari. Giaboksi ilishuka polepole juu ya kifua chake huku fundi akielekeza. Kisha fundi akatoa pleti ya klachi, ile sahani inayoshikana na injini ili gari liende. Ilikuwa imelika mpaka kwenye ribiti, vile vipini vinavyoishikilia, nyeusi, inanuka. Akaigeuzageuza mkononi.

"Hii haikuuawa na mzigo," alisema. "Mwenye gari anaweka mguu kwenye klachi muda wote, hata asipobadili gia. Inateleza kidogo kidogo, inajisaga. Nani alikufundisha kuendesha, mama?"

Niliona viatu vya Mabula, chini ya gari, vimetulia.

"Nilifundishwa vizuri," nikasema. "Ni uzembe wangu mwenyewe."

Fundi aliguna. Mabula akaendelea kufuta grisi.

Kazi iliyobaki ilikwenda taratibu. Fundi alisisitiza tubadilishe pleti, presha inayoibana na beringi kwa pamoja, la sivyo ningerudi baada ya muda mfupi. Alisugua chuma cha injini kwa msasa, akachonga kijiti kutoka kwenye mpini wa jembe ili kukalisha pleti mpya katikati kabisa. Mabula akaipandisha giaboksi mikononi, mishipa imemtoka, fundi akisema, "Kushoto. Kidogo. Hapo." Ikaingia mara ya kwanza. Kaka yangu alitoka pale amechafuka mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

Saa saba mchana fundi alimpa Mabula ufunguo ili alijaribu gari mtaani. Nilihesabu dakika, nikidhani ataliacha kona ya pili na kutokomea. Alirudi. Hakuzima injini. Alishuka, akazunguka, akakaa kiti cha abiria.

"Panda, twende."

"Na nguo zako?"

"Nikirudi chumbani kuchukua begi, Minza, sitatoka."

Nilimlipa Fundi Hamisi, nikamshukuru haraka haraka nikaondoa gari, ovaroli yake ikiwa bado mwilini mwa Mabula. Tuliirudisha baadaye kwa basi.

Karibu na Tinde, jua likielekea kushuka, ng'ombe walitokea mbali mbele yetu wakivuka barabara, na mguu wangu wa kushoto ukapanda wenyewe.

"Chini," alisema Mabula.

"Ng'ombe hawapigi honi."

"Lakini wanaonekana." Alitazama nje ya dirisha. "Nilikufundisha vibaya. Na asubuhi ulinifichia."

Nilishusha mguu, nikapunguza mwendo, ng'ombe wakapita. Niliogopa kumjibu machozi yakanizuia kuona barabara. Tangu siku ile mguu wangu unakaa chini, ingawa kila nikiona kundi bado unaniwasha.

Tulifika kijijini kabla giza halijaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mabula alishuka na ovaroli yake ya grisi, akasimama hatua tatu kutoka kwake, akaanza maneno ambayo nadhani aliyapanga miaka kumi na mmoja.

"Shikamoo mama. Nimekuja, lakini sikuja na kitu. Nyumba niliyokuahidi—"

"Marahaba," Mama alimkatiza. "Usinizibie jua, baba. Sogea huku kwenye mwanga."