Mbili Nukta Nne, Baridi

Nyumbani kwangu waya haupimwi ukiwa moto. Hiyo ni amri. Aliyeiweka hayupo, lakini bado inafuatwa, na asiyeitaka apeleke mota yake kwingine. Mtu anakuja hapa Bagara saa saba mchana, mota imetoka kazini sasa hivi, hata kiganja huwezi kuiwekea, naye anataka nimwambie palepale kama imeungua au haijaungua. Namwambia iache, njoo kesho asubuhi. Ananuna. Na mimi nanuna. Mwenye mota ni yeye, lakini mwenye mita ya kupimia ni mimi.

Kazi hii ya kusuka mota nilifundishwa na mume wangu. Tulipooana nilikuwa najua kufuma masweta tu, kazi niliyotoka nayo kwetu Mbulu, ambako usipokuwa na sweta utajua hujui. Akaniangalia nikifuma, akasema vidole hivi visipotelee kwenye nyuzi. Akaniwekea mbele yangu mota iliyoungua, akanipa waya mpya wa shaba, mwembamba, unang'aa kwa vanishi, akasema, "Haya, fuma." Nikafuma. Kuanzia hapo tukawa tunakaa wawili kibarazani, leo yeye anahesabu mizunguko na mimi nalaza waya kwenye mifereji ya chuma ndani ya mota, kesho yeye analaza na mimi nahesabu, na muda wote tunabishana.

Jamani, tulibishana! Mimi damu yangu iko karibu, sifichi. Siku za mwanzo nilipima mota moja mchana, nikaipima tena alfajiri, namba ikaja ndogo zaidi. Nikasema mita hii mbovu, umeuziwa kimeo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mita ni nzima," akasema. "Waya ndio umepoa."

Akanieleza. Shaba ikiwa baridi, umeme unapita ndani yake kama mtu anayepita sokoni asubuhi na mapema, njia nyeupe. Ikipata moto, chembe zake zinaanza kutikisika, na umeme unapita kama unavyopita sokoni siku ya mnada saa sita, kila hatua bega la mtu. Waya ni uleule, urefu uleule, unene uleule, ila unaukatalia umeme zaidi. Shuleni wanaita ukinzani. Yeye aliita ubishi.

"Waya ukipata moto, ubishi unapanda," alisema. "Ukipoa, unashuka. Kwa hiyo usiuamini ukiwa moto. Usubiri upoe, ndipo utajua ubishi wake wa kweli ni kiasi gani." Kisha akanitupia jicho la pembeni. Nikamwambia asinianze.

Hapo ndipo alipoanza mtindo wake. Tukigombana, na tuligombana kwa chumvi, kwa ndugu zake, kwa koleo aliyoiacha ikanyeshewa, yeye hajibu. Ananyanyua mkono tu. "Imekuwa moto hii. Tutapima asubuhi." Hakuna neno lililonikera kama hilo! Nina maneno mdomo mzima, halafu nilazimike kulala nayo. Asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mlima Kwaraa, ananiletea chai ya tangawizi kibarazani, anakaa, ananiuliza kwa sauti ileile ya kuulizia mteja:

"Haya, mama watoto. Bado ni kiasi kilekile?"

Na mimi najikaza nisicheke. "Imepungua."

"Imepungua kiasi gani?"

"Mimina chai, we mwanaume."

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yangu. Wengine walipewa saa za dhahabu, mimi nilipewa swali hilo, na sikujua kwamba ndilo nitakalolitamani kuliko kitu chochote.

Kila mota aliyoisuka aliipima asubuhi kabla ya jua. Ile namba aliiandika kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko kidogo kinachofunika maungio ya nyaya, ili mota ikirudi siku nyingine tujue ilitoka ikiwa na kiasi gani. Mbele ya namba aliongeza neno moja, baridi. Nikamwambia hilo neno unamaliza rangi bure, nani asiyejua kwamba tunapima baridi? Akasema iko siku mtu atasahau. Nikamjibu kwamba labda yeye, si mimi.

Aliugua wakati wa masika, akaondoka kabla mahindi hayajakauka shambani. Huu ni mwaka wa nne. Mota alizozisuka zikabaki mjini zikifanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi nikawa nafarijika kwa hilo, kwamba kuna mikono yake inayozunguka huko Singe, inayozunguka Maisaka, inayovuta maji na kusaga. Lakini mota haidumu milele. Zikaanza kurudi moja moja, zimeungua, na mimi huyuhuyu ndiye niliyekata waya alioulaza yeye, nikauvuta nje, nikaweka wangu. Mwisho ikabaki moja tu. Ilikuwa ya mama mmoja anayesaga karanga sokoni.

Mungu anisamehe, nilikuwa napita pale hata nikiwa sina cha kununua. Nasimama pembeni ya kibanda, naisikiliza ikizunguka. Yule mama, ambaye kwa umri ni mdogo kwangu, alidhani nimefuata karanga na naona aibu kuomba, basi ananifungia. Nachukua, nitasemaje? Nyumbani karanga zilijaa mpaka panya wakazizoea.

Sasa mwezi uliopita, jua la saa saba, bajaji ikasimama mlangoni kwangu. Akashuka yeye, amepakata kitu kilichofungwa kwenye kanga. Moyo wangu ulijua kabla macho hayajajua.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Inanguruma tu, haina nguvu. Halafu inanuka. Angalia usiungue, bado ya moto."

Ilikuwa ya moto kweli, ile kanga yenyewe ilikuwa imepata joto. Hapo nilitakiwa niseme iache, njoo kesho. Amri ninayowasomea watu wote wa mji huu naijua kuliko mtu yeyote. Nikachukua bisibisi.

Nikafungua kile kifuniko, nikakigeuza. Mwandiko wake ule pale, mbili yenye mkia mrefu kama kawaida yake, nukta, nne. Nikakishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikagusisha ncha za mita kwenye waya mkuu. Namba zikacheza kidogo, zikatulia. Mbili nukta nne.

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Nzima! Haijaungua! Namba ni ileile!" Nikamkumbatia yule mama, mita inaning'inia shingoni mwake, naye anacheka, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, nilijua tu kwako haishindikani. Nilikuwa namwambia labda ni beringi, labda ni kapasita, vitu vidogo hivyo, leo leo unaondoka nayo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi vile. Kichwani nilikuwa nimeshafika sokoni, nimesimama pembeni ya kibanda, naisikiliza.

Nikachukua kifuniko nikirudishe. Kidole gumba changu kilikuwa kimeziba nusu ya maandishi. Nikakiondoa, nikasoma neno lililobaki. Baridi.

Loh.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Ilikuwa mbili nukta nne ya asubuhi, ya waya uliopoa. Waya mzima, ukiwa moto wa kuunguza kiganja namna ile, ulitakiwa ubishe zaidi, mita ipande ipite tatu. Huu ulikuwa moto na bado unasoma sawa na siku ulipokuwa baridi. Maana yake ndani huko vanishi imeungua, waya umegusana na waya, umeme umepata njia ya mkato na mizunguko mingine umeiruka. Ile namba niliyoishangilia ndiyo iliyokuwa habari mbaya. Waya ulikuwa umeacha kukataa.

Na mimi jambo hilo nilishawahi kuliona, na si kwenye mota. Mume wangu alipougua alikataa kila kitu. Uji hautaki, dawa chungu, blanketi linawasha, dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe. Nilikuwa nachemka, namwambia we mwanaume una ubishi kushinda mota zako, naye anajibu, "Tutapima asubuhi." Tulikwenda hivyo wiki nyingi, na kumbe zilikuwa wiki nzuri. Halafu siku moja nikampa uji uliopoa, nimesahau hata sukari, akaunywa wote. Nikamuuliza, nikufunike? Akasema sawa. Nifungue dirisha? Sawa. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tanki la maji, nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa kitenge, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

"Mama fundi, kulikoni?" yule mama akauliza.

"Iache. Njoo kesho asubuhi, ipoe kwanza."

"Si umesema nzima?"

"Njoo kesho, nimesema!"

Akaikunja kanga yake, akaondoka. Alikuwa amezoea karanga zake kupokelewa, hakuwa amezoea kufokewa. Mimi nikabaki naitazama mota ikipoa. Nitasema ukweli, nilitumaini. Najua shaba, najua kinachopanda na kinachoshuka, na bado nilijiambia labda haikuwa moto sana, labda joto lilikuwa la ganda la nje tu, labda la jua la njiani. Mtu mwenye akili zake anaweza kukaa mchana kutwa akijidanganya mbele ya mota.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya hapa kwetu, inayokufanya uongee moshi. Yule mama alifika mapema kabla hajafungua kibanda. Nikapima mbele yake. Moja nukta nane.

"Imeungua," nikasema.

"Basi isuke upya. Kwani inakushinda?"

"Hainishindi."

"Sasa mbona unalia?"

Nikamwambia. Kwamba ni ya mwisho, kwamba zile nyingine zote nimezikata kwa mikono yangu, na kwamba nikimaliza hii hakutakuwa na waya hata mmoja mjini uliolazwa na yeye. Alinisikiliza amechuchumaa, ushungi wake ameubana kwa kidevu, mikono ameiweka juu ya mota kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Kumbe," akasema taratibu, "hukuwa unafuata karanga."

Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya kile kinachotoka na makamasi.

Nikaikata. Waya wake ukatoka, upande mmoja mweusi, upande mwingine bado mwekundu kama nilivyoukumbuka. Nikahesabu mizunguko yake mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, kama alivyokuwa akihesabu, kisha nikalaza waya mpya wa unene uleule, mizunguko ileile, kwenye mifereji ileile. Hakuna wa kubishana naye, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka. Sikupenda ilivyokwenda haraka. Nikapaka vanishi, nikaiacha ikauke vizuri.

Kulipopambazuka nikatenga chai ya tangawizi, nikaketi kibarazani, nikaipima kabla ya jua. Kopo la rangi nyeupe nilikuwa nimeshaliweka tayari, na brashi, nifute namba yake niandike yangu. Mita ikatulia. Mbili nukta nne. Nikapima tena nikidhani nimesoma vibaya. Mbili nukta nne, baridi. Nikafunika kopo la rangi. Sikuwa na cha kufuta wala cha kuandika.

Siku ya msiba watu walipanga mstari kuniambia, pole mama, itapoa, muda ni dawa. Kila mmoja na sauti yake ya upole. Sikuwapinga, hawakuwa wanakosea, mimi mwenyewe nilikuwa moto wakati ule na kitu cha moto hakiaminiki. Nikasubiri kama nilivyofundishwa. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, watu wakaacha kushusha sauti nikipita, na mimi nikaacha kuwafokea wateja kila siku, nikawa nawafokea siku moja moja.

Nikamimina chai kikombe kimoja, kisha cha pili, mkono umezoea. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Kwaraa. Nikaiangalia ile nafasi yake pale kibarazani, nikasikia swali lake vilevile, kwa sauti ya kuulizia mteja.

Haya, mama watoto. Bado ni kiasi kilekile?

Nimesubiri, mume wangu. Kumepoa. Nimepima asubuhi, kabla ya jua. Ni kilekile.